Bajeti ya Usalama Haipandi Matatu

Ukiingia jengo lolote kubwa la maduka jijini Nairobi, askari wa mlangoni atakupitishia mwilini kile kijiti cheusi cha kutambua chuma. Kijiti kitalia, maana una simu, funguo na sarafu. Askari atasema "karibu", nawe utapita. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akiuliza kilicholia ni nini. Na hapo nje, hatua chache kutoka mlangoni pake, matatu ya abiria 33 inajaza watu na vifurushi, makanga anagonga bodi, safari inaanza, na hakuna aliyepapaswa.

Simlaumu askari. Alipewa kijiti, hakupewa la kufanya kikilia. Kinachonisumbua ni kwamba serikali nayo hupanga usalama wa jiji vivyo hivyo: hununua kitu kinachoonekana, hukisimamisha mahali penye macho ya watu, kisha huhesabu kwamba kazi imekwisha.

Tazama treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari mwaka 2017. Abiria hupanga mabegi chini kwa mstari, husogea kando, mbwa hupita akinusa, kisha kuna mashine, kisha kitambulisho na tiketi. Utaratibu mzuri. Lakini abiria huyo akitoka Mombasa na kushuka Syokimau, anapanda matatu ya kwenda mjini kama alivyokuwa akifanya kabla ya reli kujengwa, na kuanzia hapo hakuna mbwa wala mashine. Kwa hesabu zinazotumiwa na wapangaji wa jiji, takriban safari nne kati ya kumi za Nairobi ni za matatu, na karibu idadi hiyohiyo ni za miguu. Wananchi wanakwenda kwa matatu na kwa miguu. Fedha za usalama zinakwenda kwa ndege na treni.

Msinielewe vibaya. Siombi kila steji iwekewe mashine ya kukagua mizigo. Haiwezekani. Matatu hupakia Odeon, hupakia Kencom, hupakia Railways, na hushusha popote abiria atakapopiga kelele ya "shukisha!" Usafiri wa namna hiyo hauna lango la kusimamisha mlinzi. Ndiyo maana swali la bajeti lingepaswa kugeuzwa. Katika dakika kumi za kwanza baada ya kishindo, nani yuko pale, ana nini mkononi, na nani alimlipia mafunzo?

Jibu la kwanza tulilipata kwa uchungu, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Ubalozi wa Marekani, uliolipuliwa siku hiyo, ulikuwa pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, karibu na stesheni ya reli na msongamano wote wa mabasi ya eneo hilo. Mlipuko mdogo ulitangulia, watu wa maofisi ya jirani wakakimbilia madirishani kuchungulia, na ule mkubwa ukawakuta nyuma ya vioo. Wengi walipoteza macho kwa sababu hiyo. Waliokufa Nairobi walikuwa zaidi ya 200, waliojeruhiwa maelfu. Asubuhi hiyohiyo Dar es Salaam ilipoteza watu 11. Kenya ilikuwa na kituo cha taifa cha kuratibu maafa, lakini kilikuwa na umri wa miezi tu: kilianzishwa Januari mwaka huo kwa sababu ya mvua za El Niño. Kwa hiyo majeruhi walibebwa na nani? Walibebwa na matatu, na pikapu, na mabasi, na magari ya watu binafsi. Raia waliparua kifusi kwa mikono hadi mashine zilipofika, na kikosi cha uokoaji kutoka Israeli kikaja na mbwa wake.

Matatu, basi, ndizo zilizokuwa ambulensi zetu. Nimesoma mipango kadhaa ya usalama wa jiji tangu wakati ule, na sijaona hata mmoja unaomtaja makanga kama mtu wa kupewa mafunzo. Anatajwa kama tatizo la kudhibitiwa.

Baada ya hapo ugaidi ulihamia stejini kwenyewe. Oktoba 2011, guruneti lilirushwa kwenye kituo cha mabasi cha OTC. Machi 2012, steji ya Machakos Country Bus. Novemba 2012, matatu Eastleigh. Mei 2014, kwa siku mbili mfululizo, Mwembe Tayari mjini Mombasa, kisha mabasi mawili kwenye barabara ya Thika. Katika kila tukio walengwa walikuwa watu waliokuwa wakirudi nyumbani au kusubiri gari. Serikali ikajibu kwa amri, ikiwemo ile ya kuondoa vioo vyeusi kwenye matatu, na kwa ununuzi mmoja mkubwa sana.

Ununuzi huo ulikuwa mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi, uliopewa Safaricom mwaka 2014 bila zabuni ya ushindani, kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu shilingi bilioni 15. Kulikuwa na mvutano bungeni, kisha mradi ukaendelea: kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, na mtandao wa kuunganisha vituo vya polisi. Kila mtu anakumbuka kamera. Mimi naona sehemu iliyostahili fedha ilikuwa ile nyingine, ya mawasiliano. Magaidi walipovamia Westgate, jengo la maduka la Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na polisi na jeshi waliingia jengoni bila kuwa na amri moja wala redio moja. Kamanda mmoja wa kikosi cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, chuo kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, kikosi maalumu kilichokuwa Nairobi kilichukua saa nyingi kufika chuoni, na waliokufa walikuwa 148. Halafu DusitD2, hoteli na maofisi ya Nairobi, Januari 2019: watu 21 waliuawa, lakini zaidi ya 700 walitolewa salama, na safari hii ilionekana wazi ni nani anayeongoza. Kamera hazikuleta tofauti hiyo. Waliojifunza waliileta, kwa kufanya mazoezi pamoja.

Kamera ina kazi yake. Itakuonyesha kesho aliyeingia na begi jana. Lakini haiwezi kufunga mguu unaovuja damu, na binadamu hahitaji muda mrefu kumalizika damu yote.

Kama kuna anayedhani kasoro hii ni ya nchi maskini, aangalie London. Mwaka 1987 moto ulizuka katika stesheni ya chini ya ardhi ya King's Cross na kuua watu 31. Uchunguzi uliofuata ulitaka vikosi vya dharura viweze kuwasiliana wakiwa chini ya ardhi. Ushauri huo ukawekwa kwenye faili. Tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalilipuka kwenye treni tatu za chini ya ardhi na basi moja, yakaua watu 52, na waokoaji waliokuwa ndani ya mahandaki hawakuweza kuzungumza na wenzao wa juu. Watu walitumwa wakimbie kupanda na kushuka wakipeleka ujumbe wa mdomo, mtindo wa tarishi, katika jiji ambalo ni kitovu cha fedha cha dunia. Takriban miaka kumi na minane ilipita kati ya moto ule na mabomu. Fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mwenye kuzitoa: polisi wana bajeti yao, zimamoto yao, reli yao, ambulensi yao, na kile kinachowaunganisha hakina mwenyewe.

Tokyo nayo ilipata somo la namna hiyo miaka kumi kabla. Machi 1995, kundi la kidini lilipomwaga gesi ya sarini kwenye treni, hospitali ya St. Luke's ilipokea wagonjwa zaidi ya 600 siku ya kwanza bila kujua wanatibu sumu gani. Msaada ulitoka kwa daktari wa Matsumoto, mji ulioshambuliwa kwa sumu hiyohiyo mwaka uliotangulia, ambaye alizitambua dalili kupitia habari za televisheni, akapiga simu. Maarifa yalikuwepo nchini. Njia ya kuyafikisha ilitegemea mtu mmoja kuwa karibu na televisheni.

Wamarekani walijaribu kulitatua kwa fedha, na hapo ndipo penye mafunzo mengi kwa sisi tunaopenda kuanzisha "mifuko". Mwaka 2003 serikali yao kuu ilianza kutoa ruzuku maalumu ya usalama kwa miji iliyo hatarini zaidi. Mwanzoni orodha ilikuwa fupi. Kisha kila mbunge akataka mji wake uwemo, na ndani ya miaka michache miji ikawa 64. Hatari ilikuwa haijaongezeka kwa kasi hiyo. Walioongezeka ni waombaji. Mwaka 2012 seneta Tom Coburn alichapisha uchunguzi wa matumizi ya ruzuku hizo na nyingine za usalama wa ndani. Humo mna mji mdogo wa Keene, jimbo la New Hampshire, ulioomba gari la deraya la zaidi ya dola 280,000 na kutaja tamasha lake la maboga miongoni mwa sababu. Mna pia kongamano la California ambalo kiingilio chake kiliweza kulipwa kwa ruzuku hiyo, na wahudhuriaji wakaburudishwa kwa maonyesho ya mazimwi wafu watembeao.

Fedha za programu hiyohiyo, hata hivyo, zilifanya jambo la maana Boston. Mwaka 2011 na 2012 jiji hilo lilizitumia kufanya mazoezi makubwa ya dharura yaliyounganisha polisi, zimamoto, ambulensi na hospitali. Aprili 2013 mabomu mawili yalipolipuka kwenye mbio za marathoni, watu watatu walikufa palepale na zaidi ya 260 walijeruhiwa, lakini kila majeruhi aliyefikishwa hospitalini akiwa hai alipona. Bahati ilichangia, nakubali. Mahema ya madaktari yalikuwa tayari mwisho wa mbio, na hospitali zilikuwa zikibadilishana zamu, hivyo wauguzi wa zamu mbili walikuwepo kwa pamoja. Ila waliojua majeruhi yupi apelekwe hospitali ipi, ili hospitali moja isizidiwe huku nyingine ikisubiri, walikuwa wamekwisha kulifanyia mazoezi.

Sasa turudi kwetu. Tuseme mlipuko umetokea Muthurwa, penye soko na steji, saa kumi na mbili jioni. Polisi ni wa serikali kuu. Zimamoto na ambulensi, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni za kaunti. Soko na steji ni vya kaunti. Leseni ya matatu hutolewa na NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Matatu yenyewe ni mali ya mtu aliye chini ya SACCO, ushirika wa wenye magari. Hospitali ya Kenyatta ni ya serikali kuu. Magari mengi ya wagonjwa yatakayofika kwanza huenda yakawa ya Msalaba Mwekundu, ambalo ni shirika la hisani. Kwa upande wa usafiri kuna NaMATA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2017 ili Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a zitazamwe kama jiji moja. Tuliyoyaona kwanza kwa macho katika mradi wa mabasi ya kasi ni ule mstari mwekundu uliopakwa kwenye barabara ya Thika mwaka 2018. Rangi ilichakaa kabla ya basi kuja.

Katika mgawanyo huo, ni nani atakayelipia zoezi la pamoja la Muthurwa? Uliza serikali kuu, itakuelekeza kaunti, kwa kuwa maafa ni jukumu la kaunti. Uliza kaunti, itakwambia ugaidi ni usalama, na usalama ni wa serikali kuu. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo danadana inapokuwa tamu: hakuna aliyevunja sheria.

Wengine husema tuna fedha za dharura. Ndiyo, zipo kisheria. Katiba imeweka Mfuko wa Matukio ya Dharura ngazi ya taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na mfuko wake, ikitumia kwa mwaka si zaidi ya asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Lakini soma masharti: fedha hizo ni za jambo la haraka ambalo halikutarajiwa. Guruneti kwenye steji ya Nairobi, baada ya yote tuliyoyaorodhesha, halihesabiki tena kuwa jambo lisilotarajiwa. Mfuko wa dharura hulipia majeneza na mablanketi. Maandalizi lazima yakae kwenye bajeti ya kawaida, kwa jina lake, kila mwaka, karibu na mishahara.

Na huko kwenye bajeti ya kawaida maandalizi hayana mtetezi. Ikifika katikati ya mwaka na bajeti ya ziada inatayarishwa, vya kwanza kukatwa ni mafunzo, mafuta na matengenezo. Gari jipya la zimamoto lina utepe wa kukatwa na gavana wa kupigwa picha. Mpira wake wa maji hauna utepe. Dizeli haina utepe. Januari 2009 duka la Nakumatt Downtown liliungua na watu 29 wakafa, katika eneo ambalo kutoka kituo cha zimamoto cha mtaa wa Tom Mboya mtu angefika kwa miguu. Umbali haukuwa tatizo, na hadi leo jirani na kituo hicho magari ya zimamoto hulazimika kuombana njia na matatu zinazopakia.

Kikwazo kingine ni usiri. Neno "usalama" likiingia kwenye kasma, milango hufungwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hubaki nje akichungulia. Kuna mambo yanayostahili siri: watoa habari, mbinu za upelelezi. Lakini idadi ya ambulensi zinazotembea si siri ya dola. Muda wa zimamoto kufika Kayole si siri. Idadi ya chupa za damu zilizopo si siri. Ningependa tuzitoe takwimu hizo kwenye kapu la usalama na kuzibandika ukutani, kwa sababu gaidi hanufaiki kwa kuzijua kama mwananchi anavyoumia kwa kutozijua.

Ningeanza na hatua ya bei nafuu, na mahali penyewe ni pa makanga. Matatu tayari inatakiwa kuwa na kizima moto na kisanduku cha huduma ya kwanza, ingawa kila aliyewahi kufanya kazi ya matatu anajua kwamba vifaa hivyo huazimwa siku ya ukaguzi na kurudishwa jioni. Leseni ya makanga na dereva ifungamanishwe na mafunzo ya siku mbili: jinsi ya kufunga jeraha linalovuja, jinsi ya kuwatoa abiria, nani wa kupigiwa. SACCO ilipie nusu, kaunti nusu. Haitazuia bomu, ila itasaidia pia kwenye ajali za kila wiki za barabara ya Mombasa, na hili ndilo jambo ninalolipenda kuhusu maandalizi ya kweli: hayakai bure yakisubiri magaidi.

Pili, zoezi lifanyike saa ya msongamano. Najua tutalaaniwa. Kufunga Haile Selassie kwa saa moja siku ya kazi ni kuchezea riziki za watu. Lakini zoezi la Jumapili alfajiri, barabara zikiwa tupu na kila ambulensi imeoshwa, ni gwaride.

Kuna kitu bajeti haiwezi kununua lakini inaweza kukiharibu. Aprili 2014, baada ya mfululizo wa mashambulizi, serikali iliendesha msako wa Usalama Watch. Watu karibu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Zilitumika fedha, mafuta, na maelfu ya saa za polisi, na Eastleigh ikajifunza kukaa mbali na askari. Wakati huohuo tulikuwa tunahubiri Nyumba Kumi, mpango wa majirani kupeana habari za usalama, tulioazima kwa majirani zetu wa Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi ana mizizi ya miongo. Huwezi kumwambia mtu akuletee habari Jumatatu na kumlaza uwanjani Jumanne.

Desemba 2015, karibu na Mandera, wapiganaji walisimamisha basi na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu za kujifunika. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata. Basi lile halikuokolewa na kamera wala mlinzi aliyelipwa na kaunti.

Mwaka jana nilihudhuria kikao cha umma cha bajeti katika wadi moja ya mashariki mwa jiji. Mama anayeuza chai stejini alisimama akaomba mambo matatu. Taa, kwa sababu abiria wa alfajiri hupigwa ngeta. Njia ya pili ya kutokea, kwa sababu steji ina ukuta pande tatu na geti moja. Na nambari ya simu ambayo mtu akipiga itapokelewa. Karani akaandika taa chini ya "barabara". Geti akaliweka chini ya "soko". Kuhusu simu alisema hilo tumwandikie mbunge. Kikao kilipoisha nilichungulia karatasi yake. Chini ya "usalama" palikuwa na mstari mmoja, uliochapwa kabla sisi hatujafika: kamera sita.